Askofu Festo Kivengere: Mlevi Aliyepata Ndugu wa Kuketi Nao

Katika toleo hili tunawaletea maisha ya Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Wengi wetu tumemsikia kama mhubiri mkubwa. Wachache wanajua kwamba alikuwa mtu wa pombe, na kwamba hakuiacha akiwa peke yake.

Alizaliwa mwaka 1919 huko Rukungiri, kusini-magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji, na utotoni alichunga ng'ombe. Alisoma shule ya misheni, akaenda Mukono kusomea ualimu, kisha akarudi kufundisha nyumbani. Kufikia hapo imani yake ilikuwa imepoa. Alikunywa sana, na moyoni alibeba chuki.

Siku hizo Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulikuwa umefika kwao. Walokole walikutana mara kwa mara, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao na kuombeana. Festo aliwaona kuwa kero. Jumapili moja ya mwaka 1941 mpwa wake alisimama kanisani akasema kwamba wamekuwa wakimwombea. Festo alitoka kwa hasira, akaenda kunywa. Alipokuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli alikutana na rafiki yake aliyekuwa ameokoka saa chache tu kabla. Rafiki huyo hakumhubiria dhambi za Festo. Alieleza yaliyompata yeye mwenyewe, akaomba msamaha kwa mabaya yake. Siku hiyohiyo Festo alijisalimisha kwa Kristo.

Kilichofuata ndicho tunachotaka mkishike. Festo alijiunga na ushirika wa ndugu wale wale aliowakimbia. Alikwenda kutengeneza alipoharibu, hata akapanda baiskeli maili 50 kumwomba msamaha Mwingereza mmoja aliyekuwa akimchukia. Alipohamia Dodoma, Tanganyika, na mkewe Mera kufundisha, waliendelea kutembea nuruni pamoja na ndugu wa huko.

Mwaka 1972 aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, Festo na Mera walitoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Yona Okoth, Askofu wa Bukedi mwenye makao Tororo, naye alikimbia. Raia wengi wa Uganda walipitia Busia na Malaba kuingia Kenya. Miaka 31 baadaye, mwaka 2008, sisi tulivuka mpaka uleule tukielekea upande wa pili, tukapokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuletwa Kiryandongo. Kwa hiyo Festo alikuwa mkimbizi kama sisi. Alirudi kwao mwaka 1979 baada ya Amin kuanguka, na akafariki Nairobi mwaka 1988.

Wapendwa, kule Busia na Tororo tuliona jinsi Wateso wa pande zote mbili za mpaka wanavyokunywa ajono. Watu huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Pale kuna habari, kicheko, na mtu wa kukuuliza umeamkaje. Aliyepoteza shamba na nyumba hutafuta hayo kabla hata ya kutafuta pombe. Ndiyo maana kumwambia aache tu haitoshi. Tukimtoa kwenye chungu bila kumpa mahali pengine pa kuketi, atarudi.

Basi atafute kikundi, na akichague vizuri. Kikundi kizuri tunakijua hivi: wanaoongea huanza na makosa yao wenyewe, kama yule rafiki wa Festo. Linalosemwa pale halitoki nje. Hawadai pesa. Wana siku na saa inayojulikana, na mtu akianguka hawamfukuzi. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanza Marekani mwaka 1935 na sasa viko Kenya na Uganda, hufuata njia ya namna hii, na sharti lao la kujiunga ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Kama kikundi cha kwanza kina kelele na masengenyo, usikate tamaa. Nenda kingine. Kama hakuna, watu wawili wenye nia moja wanaweza kuanza.

Jambo moja la afya. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiache ghafla bila kwenda kituo cha afya. Anaweza kutetemeka vibaya, kuchanganyikiwa au kupata kifafa, na hata kufa. Kikundi kinachokataza hospitali si kikundi cha kukaa.

Ninyi akina mama mnaobeba mzigo huu usiku, na ninyi vijana mnaomwonea baba haya, msimfiche mgonjwa wenu. Mpwa wa Festo alimwombea kabla hajabadilika. Na sisi tulio kanisani tujiulize: mlevi akija Jumapili hii, ataketi na nani?

Mungu awabariki.