James Joule na Joto la Umeme

James Prescott Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 katika mji wa Salford, karibu na Manchester, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha bia. Mtoto huyu hakuwa na afya njema, kwa hiyo alifundishwa nyumbani. Mwaka 1834 yeye na ndugu yake Benjamin walipelekwa kwa mtaalamu mashuhuri John Dalton, akawafundisha hesabu kwanza. Vijana hao walipenda mno kuchezea umeme, hata wakatiana mshtuko wao kwa wao, na watumishi wa nyumbani pia. Mchezo huo ulikuwa mbaya, wala haufai kuigwa.

Alipokua alifanya kazi kiwandani kwa baba yake. Atengenezaye bia hana budi kupima joto kwa uangalifu, na Joule alijizoeza kupima hata sehemu ndogo sana za digrii. Akataka kuondoa mtambo wa mvuke na kuweka wa umeme, lakini betri za siku zile zilikula zinki, na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa. Akaliacha shauri hilo. Hata hivyo swali moja halikumtoka moyoni: waya upitishao umeme hupata joto kwa kadiri gani?

Basi mwaka 1840 alizungusha waya juu ya bomba la kioo, akautumbukiza katika chombo cha maji, akapitisha mkondo wa umeme. Mkondo aliupima kwa sindano ya sumaku, na maji kwa kipimajoto. Mtu angedhani ya kuwa mkondo ukiongezwa mara mbili, joto nalo litaongezeka mara mbili. Sivyo. Mkondo mara mbili ulileta joto mara nne, na mkondo mara tatu ulileta joto mara tisa. Tena, waya uuzuiao umeme zaidi ulipata joto zaidi.

Kwa sababu hiyo kila waya una kiasi chake cha mkondo. Ukipitishiwa kupita kiasi, ngozi yake huyeyuka, na nyumba yaweza kuungua. Hata fundi wa leo aungaye tochi yenye taa kadhaa za LED hubanwa na sheria hiyo. Akiongeza mkondo maradufu ili apate nuru nyingi, nyaya zake hutoa joto mara nne. Na taa zenyewe, zisipowekwa juu ya bamba la chuma la kuondoa joto, hufifia, kisha hufa.

Wataalamu wa London walichapisha muhtasari tu wa habari zake. Mwaka 1843, mjini Cork, alieleza kwamba kazi hugeuka kuwa joto, wachache walimsikiliza. Mwaka 1847, mjini Oxford, mwenyekiti alimtaka aseme kwa ufupi, na maneno yake yangalipita bure kama kijana mmoja, William Thomson, asingalisimama kuyashughulikia. Wawili hao wakawa rafiki, wakafanya kazi pamoja miaka mingi.

Mwaka huo huo Joule alimwoa Amelia Grimes, lakini mkewe alifariki mwaka 1854, akamwachia watoto wawili. Heshima ilimjia polepole: mwaka 1870 alipewa Nishani ya Copley. Mali yake ilipopungua, serikali ilimpa pauni 200 kwa mwaka tangu 1878.

Alifariki tarehe 11 Oktoba 1889, mjini Sale. Juu ya kaburi lake imechongwa namba 772.55. Ratili moja ikianguka futi hizo, kazi yake yatosha kuongeza joto la ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit.