Sørensen: Mkemia aliyetuachia kipimo cha pH
Unapika bia nyumbani, umeloweka kimea kwenye maji moto, lakini sukari inatoka kiduchu? Basi mjue Søren Sørensen.

Alizaliwa Denmark mwaka 1868, mtoto wa mkulima. Alianza kusomea udaktari, akahamia kemia. Mwaka 1901 akawa mkuu wa idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen.

Alichunguza vimeng'enya, ambavyo asidi ikibadilika kidogo tu, vinagoma. Kuandika kiasi hicho cha asidi kulihitaji sufuri kibao. Mwaka 1909 akarahisisha mambo kwa kipimo cha pH.

Alifariki 1939. Leo wapikaji bia hulenga pH 5.2 hadi 5.6, wanga ugeuke sukari vizuri. Kwa hiyo kabla hujalaumu kimea, pima kwanza.