Ibn Battuta: Kadhi Aliyechelewa Kurudi Kwao

Jina la Ibn Battuta si geni kwa watu wa pwani. Kila yanapoelezwa mambo ya kale ya Mombasa na Kilwa, hutajwa yeye, kwa kuwa ni miongoni mwa wageni wa mwanzo walioifika miji hiyo na kuacha habari zake kama walivyoziona kwa macho yao. Ajabu ni kuwa Mombasa alilala usiku mmoja tu. Lakini usiku huo mmoja ulimtosha kuona kwamba watu wake walikuwa wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu na waaminifu, na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Aliona pia kuwa penye milango ya misikiti palikuwa na visima na vyombo vya kutekea, na kila aingiaye huosha miguu na kuipangusa kwanza. Chakula kikubwa cha watu wa kisiwa kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka wakiletewa kutoka kwingine.

Hayo twayajua. Yasiyosimuliwa sana ni maisha ya mtu mwenyewe: kijana aliyetoka kwao akiwa na miaka 21, akenda kutafuta elimu na kazi katika nchi za watu, na asirudi ila baada ya miaka 24. Kwa nini alikawia vile, na aliporudi alimkuta nani? Haya ni maswali ambayo nyumba nyingi za pwani zayajua, maana nasi tunao vijana wetu Arabuni na Ulaya.

Abu Abdullah Muhammad, mashuhuri kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa katika mji wa Tangier, nchi ya Moroko, mwezi wa Rajab mwaka wa 703 wa Hijria, yaani Februari 1304. Jamaa zake walikuwa watu wa elimu ya sharia, na katika ukoo wake mlitoka makadhi. Naye alisomeshwa fikihi ya Imam Malik, na lau angalikaa kwao, yamkini angalipata kazi ya ukadhi katika mji mmojawapo wa Maghrib, akaoa na kuzaa, wala leo hakuna ambaye angalimjua.

Mwezi wa Juni 1325 aliondoka Tangier kwenda Hija. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana nao kulimhuzunisha sana yeye na wao pia. Hakuwa na mwenzi wala msafara. Alipofika Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki jamaa zao waliokuwamo katika msafara, wakaamkiana na kukumbatiana, naye asipate hata mmoja wa kumtolea salamu. Alilia machozi mbele za watu, mpaka mmoja wa mahujaji akamwendea na kumliwaza. Lakini haukupita muda, na huko huko Tunis, msafara wa Hija ulipokuwa ukifungasha, yeye ndiye aliyefanywa kadhi wake. Ndipo kijana yule alipojifunza jambo ambalo lilimfaa maisha yake yote: kwamba mwenye elimu ya sharia na lugha ya Kiarabu hapati taabu ya kazi popote penye Waislamu.

Kule Alexandria, nchi ya Misri, alikutana na sheikh mmoja mcha Mungu, jina lake Burhanuddin. Sheikh huyo alimtambua kuwa ni mpenda safari, akamtajia ndugu zake watatu, mmoja yuko Hindi, mmoja Sindi na mmoja Uchina, akamwagiza akifika kwao awape salamu zake. Kijana alistaajabu, kwani fikira ya kufika nchi hizo haikuwa imemjia. Tangu siku hiyo haikumtoka tena.

Alihiji mwaka wa 1326. Hapo nia aliyotokea nayo kwao ilikuwa imetimia, na mahujaji wa Maghrib walikuwa wakifunga mizigo yao warudi makwao. Njia ilikuwa wazi, sahibu walikuwapo, wala hakuwa na deni wala mkataba wa mtu. Lakini yeye akafuatana na msafara wa watu wa Iraki. Basi hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyoweza kurudi asirudi, na ndiyo iliyokuwa nyepesi kupita zote.

Alizunguka Iraki na Uajemi, akarudi Makka akakaa kusoma, kisha akashika bahari. Kutoka Aden alipanda jahazi, akapita Zeila na Mogadishu, akateremka Mombasa mpaka Kilwa, karibu na mwaka wa 1331. Kilwa alimkuta Sultan Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abul Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake. Kutoka Kilwa alikwenda Dhofari na Oman, kwa njia ile ile ambayo mababu zetu wameijua kwa karne nyingi.

Kisha, badala ya kuelekea magharibi kwao, alizunguka kwa nchi za Waturuki na Asia ya Kati, mpaka mwezi wa Septemba 1333 akafika kwenye mto Indus, mlango wa Bara Hindi. Na huko ndiko safari yake ilikogeuka kuwa kazi ya ugenini hasa.

Sultani wa Delhi wakati huo alikuwa Muhammad bin Tughluq. Mtawala huyu alipenda sana wageni wenye elimu, akiwapa vyeo na mali kuliko wenyeji. Lakini mlango wake ulikuwa na sharti. Mgeni alipofika Multan, kabla hajaruhusiwa kwenda mbele, aliulizwa kama amekuja kukaa. Aliposema ndiyo, aliitwa kadhi na mashahidi, ukaandikwa mkataba. Ibn Battuta naye aliuweka mkataba huo. Yule aliyetoka Tangier bila ya mtu wa kumzuia sasa alikuwa amejifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Alifanywa kadhi wa Delhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Yeye alikuwa Maliki, na watu wa mji ule ni Hanafi. Na lugha yao hakuijua vizuri. Sultani alimpa wasaidizi wawili wa kufanya kazi, yeye akabaki na cheo. Aliishi maisha ya fahari: watumishi, farasi, zawadi za kumpa Sultani, na karamu. Fahari hiyo ilimzidi. Ingawa mshahara wake ulikuwa mkubwa, alijikuta na deni la dinari 55,000 kwa wafanya biashara, nao wakamdai. Ilimbidi amwendee Sultani amlipie. Msomaji atatambua hali hii, maana haikufa pamoja na Delhi ya zamani. Mtu hutoka kwao kutafuta, akapata, na kila anachopata kikawa kamba nyingine ya kumfunga kule kule.

Mkono wa Sultani uliokuwa ukitoa ndio uliokuwa ukiua. Kulikuwa na sheikh mmoja, Shihabuddin, aliyekataa kumtumikia Sultani, akateswa na kuuawa. Ibn Battuta alikuwa amekwenda kumzuru, na kwa hilo tu akawekewa walinzi. Siku zile alifunga saumu mfululizo na kusoma dua kwa maelfu, akingoja kuitwa auawe. Mwenyezi Mungu alimwokoa. Alipoachiliwa, aligawa mali yake yote, akavaa nguo za fakiri, akenda kukaa na mcha Mungu mmoja kwa muda wa miezi mitano.

Baadaye aliomba ruhusa ya kwenda Hija, na akapewa. Hiyo ilikuwa mara ya pili mlango wa kwao kufunguka. Lakini kabla hajaondoka, Sultani alimwita tena, akamtaka awe mjumbe wake kwa mfalme wa Uchina, pamoja na zawadi nyingi. Yule kadhi aliyekuwa amevaa nguo za fakiri akazivua, akakubali.

Safari hiyo, mnamo mwaka wa 1342 hivi, ilikuwa ya misiba. Njiani aliporwa na kukamatwa na maadui, akaponea chupuchupu. Walipofika Calicut, mizigo ilipakiwa melini, naye akabaki nchi kavu ili asali Ijumaa. Tufani ikaja. Jahazi kubwa lililobeba zawadi likavunjika na watu wakafa. Jahazi la pili, lenye vitu vyake na watu wake, likatweka tanga likaenda zake. Alibaki pwani na dinari kumi na busati la kulalia. Sala ya Ijumaa ndiyo iliyomwokoa roho yake.

Hapo ndipo pagumu. Kurudi Delhi aliogopa, maana Sultani angemwuliza ilikuwaje zawadi zikapotea na yeye akasalimika. Kurudi kwao mikono mitupu, baada ya miaka 17, hakukutaka. Akenda Visiwa vya Maldivi, na huko tena elimu yake ikamfaa: alifanywa kadhi wa visiwa, akaoa wake wanne katika jamaa za wakubwa. Alikuwa kadhi mkali, akiwaadhibu wasiohudhuria Ijumaa, na akajaribu kuwashurutisha wanawake wajifunike vifua vyao, jambo hilo likamshinda. Mwisho alihitilafiana na waziri, akawataliki wake zake, na katika mwaka wa 1344 akaondoka. Mmoja wa wake hao alikuwa na mimba yake.

Hapa yatupasa tuseme lile ambalo wasifu wake wengi hulipita upesi. Ibn Battuta alioa katika miji mingi, na katika miji mingi aliacha. Damascus aliacha mke mja mzito, akazaa mwana wa kiume ambaye baba yake hakupata kumwona kamwe. Hindi alimwacha mwana jina lake Ahmad, wala hakujua lililompata. Maldivi alirudi baadaye akamwona mtoto wake, ambaye umri wake ulikuwa kama miaka miwili. Alikuwa na nia ya kumchukua, kisha akaona bora abaki na mama yake, akamwacha. Talaka zake zilikuwa halali kwa sharia, na yeye alikuwa kadhi, aijua sharia. Lakini watoto wale walikua bila baba.

Baada ya kufika Ceylon, Bengal, Sumatra na Uchina, alirudi Calicut. Alifikiri tena kwenda Delhi, akaogopa tena. Ndipo alipopanda chombo cha Dhofari, akafika mwaka wa 1347. Safari hii uso wake ulielekea kwao.

Mwaka wa 1348 alifika Damascus. Aliulizia mwanawe, akaambiwa amekwisha kufa miaka 12 iliyopita. Kisha akamkuta huko mwanachuoni mmoja wa Tangier, akamwuliza habari za wazazi. Akaambiwa baba yake alifariki miaka 15 nyuma, na mama yake angali hai. Tuhesabu: baba alipofariki, mwana alikuwa akikaribia milango ya Hindi. Miaka yote ya Delhi, ya dinari na ya karamu, alikuwa yatima wa baba naye hana habari.

Mwaka huo tauni kubwa iliingia nchi za Sham na Misri. Aliona Damascus watu wakifa zaidi ya elfu mbili kwa siku moja, na Waislamu, Mayahudi na Wakristo wakitoka pamoja kuomba kwa Mungu. Akashuka Misri, akenda Makka kuhiji mara ya mwisho, kisha mwaka wa 1349 akashika njia ya Maghrib kwa kupitia Tunis. Alipofika mji wa Taza, karibu sana na Fez, akapata habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni ile ile.

Aliingia Fez mwezi wa Novemba 1349, akamsalimia Sultan Abu Inan, kisha akenda Tangier kuzuru kaburi la mama yake.

Hakutulia mara moja. Alivuka kwenda Andalusia, na mwaka wa 1352 akakata jangwa la Sahara mpaka Mali. Huko Takedda ndiko ilikomfika amri ya Sultani ya kumrudisha, na mapema mwaka wa 1354 akawa Fez tena. Sultani akamwamuru aeleze safari zake, na mwandishi Ibn Juzayy, mtu wa Granada, akaziandika. Kazi ilikwisha Desemba 1355. Wako waliomwita mwongo. Ibn Khaldun mwenyewe ametaja jinsi watu wa Fez walivyonong'ona. Yeye alipewa ukadhi wa mji mmoja katika nchi yake, akaifanya kazi hiyo mpaka alipofariki yapata mwaka wa 1368 au 1369. Ukadhi ule ndio ambao yamkini angaliupata bila ya kuondoka.

Hata hivyo tusimlaumu upesi. Lau angalirudi mwaka wa 1326 pamoja na mahujaji wenzake, sisi leo tusingejua habari za misikiti ya mbao ya Mombasa wala ukarimu wa Abul Mawahib wa Kilwa. Leo uwanja wa ndege wa Tangier waitwa kwa jina lake. Faida ya kukawia kwake twaila sisi. Hasara waliila wazazi wake na wanawe.

Wazee walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ibn Battuta alirejea ngamani, alhamdulillahi. Lakini katika maisha yake twaona kwamba kurudi kulikuwa kwepesi alipokuwa hana kitu, kukawa kuzito kila alipopata, na kukawa na haya alipopoteza. Aliye ugenini akiomba riziki, na mama yake angali akimwombea dua nyumbani, na atazame anasimama katika hali gani kati ya hizo tatu.