Kakungulu: Jenerali aliyeteka wafalme wawili, akakosa ufalme

Wewe wa Kisumu ukisikia Uganda unawaza Busia na foleni ya malori. Lakini hadi 1902 hata hapa ulipoketi palikuwa Uganda. Ndiyo maana reli iliyofika hapa 1901 iliitwa Reli ya Uganda. Kwa hivyo huyu jamaa mhesabu kama jirani.

Anaitwa Semei Kakungulu. Alizaliwa Kooki karibu mwaka 1869, akaenda Buganda kutafuta maisha kwa Kabaka Mwanga. Mwaka 1888 Mwanga akapinduliwa na nchi ikapasuka vipande: Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti. Watu waliokula sahani moja wakaanza kupigana risasi. Kakungulu, Mprotestanti, alikuwa kati ya makamanda waliomrudisha Mwanga kwenye kiti. Kisha 1892, pale Mengo, Waprotestanti wakawageukia Wakatoliki. Lugard na bunduki zake za Maxim akasimama upande wa kina Kakungulu, wakashinda.

Jina lake likapaa mpaka likamkera Apolo Kagwa, waziri mkuu. Unajua mambo ya fahali wawili na zizi moja. Kagwa akabaki ikulu, Kakungulu akahamia Bugerere.

Mwanga naye baadaye akawaasi Waingereza, akaungana na Kabalega wa Bunyoro. Tarehe 9 Aprili 1899, Kakungulu na wapiganaji wake, wakiwa na Waingereza, wakawanasa wote wawili. Hebu fikiria, wafalme wawili siku moja!

Baada ya hapo akaelekea mashariki na jeshi lake, akateka nchi hadi chini ya Mlima Elgon. Akajenga ngome, akafungua barabara. Tusimpake asali lakini: kwa wenyeji huyo alikuwa mvamizi.

Moyoni aliamini Waingereza watamfanya mfalme wa huko. Wao walipoona amekuwa mkubwa mno, wakampunguzia madaraka na ardhi, na 1906 wakampeleka Busoga kuongoza baraza la machifu. Ufalme hakuuona.

Mimi niliacha chuo nikafanyia mtu kazi miezi mitatu kwa ahadi ya mdomo. Siku ya kudai pesa simu haikushikwa. Ndiyo maana huyu mzee ananiuma. Tunasema ahadi ni deni, lakini deni bila karatasi utamdai nani?

Kakungulu alirudi Mbale, mji uliokua kutokana na makao yake. Mwaka 1919 akaacha Ukristo akafuata dini ya Kiyahudi, yeye na wafuasi wake. Alikufa 1928. Jamii hiyo, Abayudaya, Idi Amin aliwapiga marufuku kuabudu, na bado wapo karibu na Mbale mpaka leo.

Ona sasa: alichowapigania wakubwa walikichukua. Alichoanzisha mwenyewe ndicho kilichobaki na jina lake. Kesho mdosi akikuambia chapa kazi tutaelewana, mwambie muelewane kwanza.