Vivienne de Watteville, mwanamke aliyeacha bunduki na kuufuata ukungu wa Kirimara

WAPANDAJI wanaouendea Mlima Kenya kupitia Chogoria, baada ya kuuacha msitu wa mianzi na kutokea kwenye nyanda wazi za nyasi, huyaona chini bondeni maporomoko yanayoitwa Vivienne. Wengi huyapiga picha, wakafunga vifungo vya makoti na kuendelea na safari kabla mawingu hayajawafikia. Ni wachache wanaojua kwamba jina hilo ni la mwanamke aliyekaa mlimani humo kwa takriban miezi miwili mwaka wa 1929, wakati ambapo wageni wengi walikuja Afrika Mashariki kuwinda.

Vivienne de Watteville alizaliwa Uingereza mwaka wa 1900, baba yake akiwa Mswisi na mama yake Mwingereza. Mama alifariki Vivienne akiwa bado mtoto, na tangu hapo baba na binti wakawa hawaachani. Mwaka wa 1923 wawili hao walifika Kenya wakiwa na kazi ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya elimu ya viumbe ya mji wa Bern, Uswisi. Baba, Bernard, aliwinda. Binti alisimamia uchunaji na uhifadhi wa ngozi, kazi chafu yenye harufu mbaya.

Safari hiyo iliishia msibani. Mwaka wa 1924, katika eneo la Ziwa Edward nchini Kongo, wakati huo ikiwa koloni la Ubelgiji, Bernard alivamiwa na simba aliyekuwa amemjeruhi kwa risasi. Alirudi kambini akiwa na majeraha mabaya, na binti yake akamuuguza hadi alipokata roho. Vivienne mwenyewe alikuwa mgonjwa. Angeweza kufunga mizigo na kurejea Ulaya, na hapana mtu ambaye angemlaumu. Badala yake alichukua uongozi wa msafara, akashika bunduki ya marehemu na kuikamilisha orodha ya makumbusho. Wanyama hao wangali wakionyeshwa Bern hadi leo.

Aliisimulia safari hiyo katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1927. Hata hivyo, kazi ya kuua ilikuwa imemchosha. Aliporudi Kenya mwaka wa 1928, alikuja na kamera. Alipiga kambi karibu na Namanga, chini ya mlima Ol Doinyo Orok katika nchi ya Wamaasai, akiwafuata ndovu kwa miguu ili awapige picha wakiwa hai. Kisha akaugeukia Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimara.

Upande aliouchagua ni ule wa mashariki, juu ya Chogoria, ambako Kanisa la Scotland lilikuwa limeanzisha misheni na hospitali mwaka wa 1922 chini ya Daktari Clive Irvine. Siku hizo eneo hilo lilihesabiwa kuwa la Meru. Leo limo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, na nchi ya Embu iko kusini yake. Januari mwaka huohuo wa 1929, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walifika vilele vya Nelion na Batian, nao pia wakiwa wamepandia upande wa Chogoria. Hao walitaka kilele. Vivienne alitaka kukaa.

Makao yake yalikuwa kibanda cha Urumandi, kilichojengwa kwenye kingo za juu za msitu, mita 3,000 na ushee kutoka usawa wa bahari. Alikuwa na watumishi wachache, na chakula kilipandishwa na wapagazi kutoka vijijini. Yafaa kutaja hapa kwamba upweke wa mwanamke huyu, uliosifiwa sana na wasomaji wa Ulaya, ulibebwa mabegani na wanaume wa Kiafrika waliotembea msituni humo, kwenye njia za nyati na ndovu, kwa ujira wa enzi za ukoloni. Hakuna maporomoko yanayoitwa kwa majina yao.

Kutoka kibandani, kazi yake ya kila siku ilikuwa kutembea, kutazama mimea na kuchora. Nyanda hizo si mahali pa kutembea kwa mzaha. Juu ya msitu kuna vichaka vigumu vya erika vilivyofunikwa kuvumwani, kisha nyasi zinazoota kwa mafungu makubwa, katikati yake matope na maji baridi. Mguu ukikosea fungu moja, kiatu hujaa maji. Juu zaidi husimama mimea ya ajabu ya lobelia, mingine mirefu kumpita mtu, ambayo majani yake hujikunja usiku ili kuukinga moyo wa mmea dhidi ya barafu.

Hali ya hewa huko hubadilika kabla mtu hajamaliza kunywa chai. Alfajiri vilele huonekana wazi, na nyasi zimeganda kwa sakitu. Jua likipanda, joto la nchi za chini huinua unyevu wa msitu, na kufikia adhuhuri mawingu yamekwisha kupanda mabondeni na kuufunika uwanda mzima. Mvua huja, au mvua ya mawe, au ukungu mtupu usiomwonyesha mtu hata ncha ya fimbo yake. Miteremko ya kusini-mashariki, inayoelekea Embu na Chogoria, ndiyo hupata mvua nyingi kuliko pande nyingine za mlima. Hatari kubwa iko ukingoni mwa Bonde la Gorges, ambako majabali yanashuka wima takriban mita 300 hadi Ziwa Michaelson. Mtu aliyepotea kwenye ukungu karibu na ukingo huo heri aketi chini asubiri.

Vivienne alijifunza kusubiri. Binti aliyekuwa ameendesha msafara mzima kwa nguvu ya huzuni, akihesabu siku na ngozi, sasa aliishi mahali ambapo mawingu ndiyo yaliyoamua kama leo kuna safari au hakuna. Matembezi hayo, pamoja na yale ya Namanga, ndiyo yaliyozaa kitabu chake mashuhuri zaidi, Speak to the Earth, kilichotoka mwaka wa 1935 kikiwa na dibaji ya mwandishi Mmarekani Edith Wharton. Ernest Hemingway naye alikuwa miongoni mwa waliokisoma.

Baada ya Kenya aliishi kwa muda katika kisiwa cha Port-Cros, Ufaransa, kisha mwaka wa 1930 akaolewa na Kapteni George Gerard Goschen na kuanza maisha ya familia nchini Uingereza. Alifariki kwa saratani mwaka wa 1957. Kitabu chake cha tatu, kuhusu maisha ya kisiwani, kilichapishwa mwaka wa 1965, miaka minane baada ya kifo chake.

Eneo la juu la mlima lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1949. Kibanda cha Urumandi kimechakaa, na wapandaji wa leo hulala kwingine. Maji ya Vivienne yangali yakianguka kuelekea Mto Nithi, na hatimaye Tana.