Ian Fleming: Mwenye 007 aliyemdharau 007 wa kwanza

Tangu Daniel Craig aivue suti ya James Bond baada ya filamu ya No Time to Die mwaka 2021, mjadala ni uleule, uwe umeketi na wenzako Bulla Iftin mjini Garissa ama Eastleigh, Nairobi: nani anafaa kuwa 007? Kila mtu ana jina lake. Na kila jina likitajwa, hakosi wa kuguna. Huyu mfupi, huyu mweusi, yule bado mtoto.

Kabla hujaingia kwenye ubishi huo, mjue kwanza mwenye mali.

Ian Fleming alizaliwa London tarehe 28 Mei 1908, katika familia yenye pesa. Lakini usidhani mambo yalimnyookea tu. Babake, aliyekuwa mbunge, aliuawa vitani Ufaransa Mei 1917, siku chache kabla Ian hajatimiza miaka 9. Kijana akasoma Eton, shule ya watoto wa vigogo, kisha akaingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst na kutoka bila cheo. Akajaribu mtihani wa Wizara ya Mambo ya Nje, akaanguka. Akawa mwanahabari wa Reuters, na mwaka 1933 akaripoti kesi ya wahandisi Waingereza mjini Moscow. Akahamia benki, kisha soko la hisa, na huko nako hakung'ara.

Vita ndivyo vilivyompa nafasi. Mwaka 1939 Admeli John Godfrey, mkuu wa ujasusi wa jeshi la majini, alimchukua awe msaidizi wake. Usimwone akiruka kutoka paa hadi paa na bastola. Kazi yake kubwa ilikuwa ya mezani: kubuni mbinu, kuandika ripoti, kuunganisha idara. Alihusika kuunda kikosi kilichotangulia mbele kunasa nyaraka za adui kabla hazijachomwa.

Vita vilipoisha alijenga nyumba Jamaica na kuiita Goldeneye. Huko, mapema mwaka 1952, akikaribia kufunga ndoa, aliketi kwenye taipureta na kuandika Casino Royale. Jina la shujaa wake alilitoa kwenye jalada la kitabu cha ndege. Kumbe James Bond halisi alikuwa mtaalamu wa ndege! Kitabu kilitoka Aprili 1953, na vingine vikafuata karibu kila mwaka. Usifiche pia upande wake mbaya: aliandika kuhusu watu weusi kwa dharau ya kikoloni, hadi matoleo ya mwaka 2023 yakaondolewa baadhi ya maneno.

Sasa njoo kwenye filamu. Watayarishaji Albert Broccoli na Harry Saltzman walipotafuta Bond wa Dr. No, walimchagua Sean Connery, mtoto wa mtaa wa maskini kule Edinburgh. Jamaa alikuwa amewahi kusambaza maziwa na kung'arisha majeneza. Fleming hakufurahi hata kidogo. Alimwona jitu lenye misuli, lisilo na ustaarabu wa afisa wa kiungwana aliyekuwa kichwani mwake.

Watayarishaji walishikilia hapohapo. Dr. No ikatoka Oktoba 1962, kumbi zikajaa, na Fleming akabadili nia. Tena hakuishia kusifu. Katika vitabu vyake vya mwisho alimpa Bond asili ya Scotland. You Only Live Twice, cha mwaka 1964, kinamtaja baba Mskoti. Mwenye mali alirekebisha ukoo wa shujaa wake ukamfae kijana aliyemdharau.

Hakuishi kuona yaliyofuata. Sigara na pombe vilikuwa vimemla moyo, na tarehe 12 Agosti 1964 alifariki akiwa na miaka 56, siku mwanawe wa pekee alipotimiza 12. Goldfinger ilitoka mwezi uliofuata.

Haya yanakuhusu nini wewe wa Garissa, Wajir ama Mandera? Bond hubadilisha pasipoti kama shati. Ndugu zako wakubwa walipigwa msasa hadi kwa babu ndipo wapewe kipande, utaratibu ambao serikali ilitangaza kuuondoa mwaka 2025. Unajua vizuri maana ya kuambiwa hufanani na wenye nchi.

Mtazame Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyekuwa akiendesha limousine Minneapolis. Alijitokeza kwenye usaili wa wazi, akaigiza haramia katika Captain Phillips mwaka 2013, akashinda tuzo ya BAFTA. Miaka miwili baadaye, katika Eye in the Sky, hakuwa haramia tena. Alikuwa jasusi wa Kenya anayehatarisha maisha Eastleigh. Ila filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini.

Connery alikuwa na kipaji, lakini pia alipata watu wawili waliokataa kumwacha mwenye mali alipoguna. Abdi alipata mlango uliofunguliwa mtaani kwao. Kwa hivyo, 007 mpya akitangazwa, bishaneni mnavyotaka. Kisha muulizane lini usaili wa namna hiyo utafanyika Garissa, na nani kati yenu atakuwa ameshajifunza maneno yake kabla siku hiyo haijafika.