Mpiga Kinanda wa Saint-Sulpice

Kila apigaye kinanda kanisani anajua ni taabu gani kushika kwa moyo wimbo mmoja mrefu, mikono ikienda huku na miguu ikienda kule. Basi na aipime habari hii. Mwaka 1920, katika chuo cha muziki cha Paris, Marcel Dupré, ambaye hajatimiza bado miaka 35, alipiga tungo zote za kinanda za Johann Sebastian Bach, kubwa kwa ndogo, nazo ni zaidi ya 200. Alizigawa katika maonyesho kumi, wala hakuweka kitabu mbele yake hata mara moja.

Dupré alizaliwa mjini Rouen, Ufaransa, tarehe 3 Mei 1886. Baba yake, Albert, alikuwa mpiga kinanda, na kinanda cha filimbi kilikuwamo hata nyumbani mwao, hivyo mtoto alikua akikisikia kama watoto wetu wanavyokua wakisikia majogoo. Huko Paris alifundishwa na Guilmant, Vierne na Widor. Mwaka 1906 alikuwa msaidizi wa Widor katika kanisa la Saint-Sulpice. Mwaka 1934 akakirithi kiti chake, akakikalia mpaka kufa.

Kinanda cha kanisa hilo si kitu kidogo. Fundi Cavaillé-Coll alikikamilisha mwaka 1862, kina safu tano za vibonyezo vya mikono, mbali na zile za miguu, na kikivuma jengo zima huitika. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Bach alifariki mwaka 1750. Vinanda alivyovijua yeye vilikuwa na sauti kali, nyepesi, zilizo wazi. Cha Saint-Sulpice kilijengwa kwa ajili ya muziki wa wakati mwingine. Wakosoaji walisema kwamba kumpigia Bach humo ni kumvika joho lisilo lake. Tena walisema Dupré aliunganisha sauti mno, moja ikishikana na nyingine pasipo nafasi, na kwamba mwendo wake ulikuwa kama wa saa ya ukutani. Vitabu vya Bach alivyovitoa, ambamo kila nota imeandikiwa kidole chake, viliwaudhi zaidi.

Hatutaki kuwadhulumu wakosoaji hao. Katika mengi walisema kweli. Uchunguzi wa vitabu na vinanda vya kale umeonyesha kwamba watu wa zama za Bach waliziachanisha nota kuliko alivyofundisha Dupré. Yeye aliamini kwamba namna yake ilishuka kutoka kwa Bach, mwalimu akimpa mwanafunzi, hata ikamfikia Widor kwa njia ya Mbelgiji Lemmens. Wataalamu wa leo wanautilia shaka mnyororo huo, nasi hatuna haja ya kuutetea.

Hata hivyo, ukisikiliza sahani alizorekodi Saint-Sulpice mwaka 1959, akiwa mzee wa miaka 73, utaona jambo ambalo wakosoaji walilipita haraka. Katika fuga, yaani utungo ambamo sauti moja hutangulia na nyingine zikaifuata zikisema neno lile lile, hakuna sauti inayopotea. Ukitaka kuifuata ile ya kati, utaifuata mpaka mwisho. Katika jengo lenye mwangwi mkubwa namna ile, mpigaji mwenye kukimbia au kusitasita kwa kujipendeza angefanya yote kuwa ghasia. Mwendo ule uliolaumiwa kuwa mkavu ndio uliolinda maana. Sisi twauona kuwa ni unyenyekevu: hakutaka tumsikie Dupré. Na ile habari ya joho lisilo lake, tukumbuke kwamba Cavaillé-Coll hakuzitupa filimbi za zamani. Nyingi alizozikuta katika kinanda cha Clicquot cha mwaka 1781 alizitia katika kazi yake.

Iko pia habari ya wanafunzi. Tangu 1926 hadi 1954 Dupré alikuwa mwalimu wa kinanda katika chuo kile kile cha Paris. Kwake walipita Olivier Messiaen, Jehan Alain, Jeanne Demessieux na Marie-Claire Alain. Huyu wa mwisho alirekodi tungo zote za Bach mara tatu, naye akaiacha njia ya mwalimu wake, akatafuta vinanda vya kale na upigaji wa kale. Lakini vidole alivyovitumia kumpinga vilikuwa vimenyoshwa darasani mwake.

Dupré hakustaafu kiti cha Saint-Sulpice. Tarehe 30 Mei 1971, siku ya Pentekoste, alipanda kama kawaida kupiga kinanda katika Misa za asubuhi, kisha akarudi nyumbani kwake Meudon. Siku hiyo hiyo akafariki, mwenye miaka 85.